Upindo wa Kitenge

Bukuru, pacha wangu, uliyenitangulia duniani
kwa muda wa birika kuchemka,
jana sauti yako ilinifikia na upepo ndani yake:
"Butoyi, huku theluji imelala juu ya waya
kama dagaa walioanikwa na mtu mwenye haraka."
Nikacheka peke yangu njiani.
Hata huko mawinguni
bado unapima dunia kwa dagaa wa Kibirizi.

Nilikuwa katikati ya mpando, gunia kichwani.
Nikakusikiliza nikiwa nimesimama.

Unasema magari yenu ni mawili tu,
yamefungwa kwa waya mmoja juu ya bonde.
Hakuna linalopanda peke yake.
La juu likianza kushuka, uzito wake
ndio unaolinyanyua la chini,
mashine inaongezea kidogo tu, kama chumvi.
Hukutana mara moja, katikati, penye upepo,
abiria wakapungiana mikono viooni,
kisha kila gari na mwisho wake.

Nimeutandika waya huo kwa macho
kutoka mchangani hadi kilele cha Mwanga,
nikamwona mama Ntiruhungwa akielea na madumu yake ya mawese,
miguu haigusi vumbi, anagombana na kondakta nauli.
Halafu nikakumbuka lile la uzito.

Ada ilikuwa moja, watoto wawili.
Mwaka ule ulipopanda,
mimi nilishuka kutoka kidato cha tatu
hadi kwenye chanja, kugeuza dagaa juani.
Sikulalamika. Silalamiki.
Nauliza tu, kama fundi anavyouliza:
je, ulisikia kitu kikikuvuta kwenda juu?

Na baba, pale meli zilipovutwa nchi kavu,
akiifuta grisi kwa kipande cha kitenge cha mama:
"Macho yanadanganyika. Pamba haidanganyiki.
Uzi mmoja ukikatika, utanasa kitambaa."
Alitufumbisha macho, tuna miaka minane,
akatupitisha mikono polepole juu ya chuma.
Mimi ndiye niliyenasa kwanza.
Unakumbuka? Ulisusa ugali wa muhogo usiku ule.

Sasa mna chombo cha sumaku kinachosoma waya,
lakini kila alfajiri, wenzako wakikucheka,
unaupitishia kitambaa chetu.
Jumanne kikanasa.
Ukasimamisha kila kitu.
Watu tisini wenye mbao za kuteleza
wakakusonya kwa lugha nne,
hata mkubwa wako akaja amevimba, ameshika tochi,
akainama, akanyamaza:
unyuzi umesimama pale,
mwembamba kuliko mwiba wa mgebuka.

Hukuniambia kama walikushukuru.
Uliniambia kitambaa kimechanika,
nikutumie kingine.

Kingine kipi, Bukuru?
Kile kitenge kilishaisha.
Kilichobaki nimekikunja ngata,
ndicho kinachokaa kati ya gunia na utosi wangu.

Nikalitua gunia kwenye jiwe.
Wanawake wakawa wanateremka na beseni tupu,
"Mwakeye," wakaniamkia, "umechoka mapema leo?"
Nikawaambia nina kazi ya waya.
Wakatazamana.

Nimeukata upindo kwa kisu cha samaki,
upana wa kiganja, upande wenye maua yaliyofifia.
Jumatatu naupeleka posta.
Unanuka Kibirizi; usiufue,
na usimwambie mkubwa wako umetoka wapi.
Ukinasa tena, nipigie kabla ya kumpigia yeye.

Nusu nyingine nimeikunja upya.
Imekuwa nyembamba, nausikia mshono wa gunia.
Bado robo ya kilima.